Usikubali Ruta Itundikwe Dakani

Ukiingiza intaneti katika nyumba ya mawe hapa Mkomani, mtaa wa Lamu, fundi wa kampuni huja na swali moja tu: waya upite wapi? Utamwonyesha. Atapanda, atavuta, atatoboa, na pale waya unapochomoza ndipo ruta, kile kifaa cha kugawa waifai, itakapotundikwa. Taa zinawaka, unatia sahihi, naye anashuka zake gatini kuwahi boti. Watu wa nyumba hukaa wapi, hilo haulizi, na mimi naona hilo ndilo swali lenyewe.

Mama mkubwa alitundikiwa ruta dakani. Kwa msomaji wa bara, daka ni pale mlangoni penye viti vya mawe pande mbili, mgeni anapoketi kabla haijaamuliwa kama atapita ndani. Ruta ikakaa hapo na wapita njia. Mjukuu mmoja akaipiga picha ile karatasi iliyobandikwa chini yake yenye neno la siri, akaisambaza, na haukupita muda vijana wa mtaa wakawa wanatazama mpira kwenye baraza ya nje mpaka usiku mkuu. Mwenye nyumba, alipaye bili, ilimbidi ajitande leso atoke mpaka mlangoni ndipo auone uso wa bintiye aliyeko Jeddah bila picha kukwama.

"Mwanangu," akaniambia, "hii nimetiliwa mimi ama wametiliwa wao?"

Kampuni ilipopigiwa simu, jibu lilikuwa tayari: ongeza kifurushi. Ndilo jibu la kampuni zote, na kwa nyumba kama hii halisaidii kitu. Kifurushi ni kasi inayofika mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka kitandani ni shauri la ruta na kuta.

Hebu itazame safari yenyewe. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno liende na jibu lirudi, nusu sekunde imekwisha hata kabla mtandao haujafanya kazi yoyote. Mwaka huo waya wa TEAMS ukafika Mombasa kupitia chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na SEACOM nao ukaingia mwaka huo huo. Ni bahari ile ile waliyoipita manahodha wa majahazi wakisukumwa na kaskazi, safari ya wiki kadhaa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo wa waya hizo, yaani faiba, hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 5,000 hivi za kutoka Ghuba mpaka Mombasa huzimaliza katika sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Kutoka Mombasa habari inapanda na pwani, inavuka mkono wa bahari, inaingia Lamu, inapita juu ya vichochoro, inafika kwa mama mkubwa. Kisha inakwama kati ya daka na ndani, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anafika akitambaa. Kwa shida ya namna hiyo, kifurushi kikubwa ni kumpa kampuni pesa ya bure.

Nyumba yenyewe haina kosa. Nyingi za nyumba hizi ni za karne ya 18, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi na nyingine kupita hapo. Zilijengwa ziweke baridi na ziweke stara, na zote mbili zinaziweka mpaka leo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti za mkoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo maana mtu akitoka mlangoni anavuka ukuta baada ya ukuta: daka, kiwanda (ua wa katikati ulio wazi juu), misana (kumbi ndefu zinazokitazama), halafu chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, na nyuma ya hapo nyumba kati, chumba cha mwisho. Kila ukuta unatoza chake. Mawe yaliyonyonya chumvi na unyevu wa bahari hutoza zaidi, maana maji hula mawimbi ya redio. Jikoni kwenye ile microwave mambo ni hayo hayo: inapasha chakula kwa masafa yanayokaribiana kabisa na ya waifai, na mara nyingine ikiwashwa utaona mtandao wa karibu yake unayumba.

Waifai ni redio tu. Ruta nyingi za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5 ni nusu ya hapo au pungufu kidogo. La 5 lina kasi kubwa zaidi na halina msongamano, ila ndilo linaloishiwa nguvu upesi likikutana na ukuta. La 2.4 ni zito, linapenya, na kila mtu analitumia. Ruta ikija imeyapa yote mawili jina moja, ikiiachia simu ichague, mimi huyatenganisha majina. Najua wataalamu wengi wanashauri kinyume, na katika nyumba ya matofali yenye kuta nyembamba labda wana haki. Katika nyumba ya mawe, simu huling'ang'ania la 5 mpaka likabakia uzi, wakati la 2.4 liko hapo tele.

Kingine kinachowapoteza watu ni vile vijistari vya waifai juu ya kioo cha simu. Vinaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta. Havionyeshi ruta inavyoisikia simu. Na simu, kwa kuihurumia betri yake na kwa udogo wa antena zake, husema kwa sauti ya chini kuliko ruta. Ndipo unapoona vijistari vimejaa vya kutosha, video inashuka vizuri, lakini ujumbe wako wa sauti unazunguka tu hauondoki. Mtu analaumu WhatsApp bure.

Basi tukaitoa ruta dakani. Kabla ya kugusa msumari niliiweka juu ya kiti msanani, nikaiunganisha kwa waya mrefu wa kuazima, nikamwomba mama mkubwa akae pale akaapo kila siku: juu ya kitanda chake cha kamba, ndani, mgongo ukutani chini ya zidaka. Akampigia bintiye kwa video. Nikakihamisha kiti mara huku mara kule, nikiisikiliza sauti yake tu. Ruta ikiwa pembeni alikuwa anauliza, "Unasemaje? Rudia." Ilipofika mahali palipotazamana na kiwanda, juu usawa wa kichwa, akanyamaza kuuliza. Mwisho nikamsikia akisema, "Vipuli hivyo vipya? Nani kakununulia?" Nikatia alama ya chaki ukutani papo hapo. Zipo programu za kupima nguvu ya waifai na ninazo, lakini kwa kazi hii sijaona kipimo kinachomshinda mama anayekagua vipuli vya bintiye.

Kiwanda ndicho siri. Kiko wazi juu, hakina ukuta katikati, na misana imefunguka kukitazama. Mawimbi yakitoka hapo huingia vyumbani kwa njia ile ile inayoingia hewa na mwanga, yaani milangoni na madirishani, badala ya kulazimishwa kupenya jiwe. Antena nazo zina namna yake. Antena ya kifimbo hutoa mawimbi ubavuni, kuizunguka. Nchani hutoa kidogo sana. Ukizisimamisha zote wima umehudumia orofa moja. Kama watu wanalala juu, simamisha moja na uilaze nyingine.

Kisanduku cha kupokea waya wa kioo tulikiacha dakani pale pale alipokiweka fundi. Ule waya si wa kuchezea. Ukiukunja kona kali mwanga unapotea, au uzi wenyewe unakatika, na kuuunganisha upya kunataka mashine yake. Kilichosafiri ni waya wa kawaida wa mtandao, wa shaba, kutoka kisandukuni mpaka kwenye ruta msanani. Waya wa aina ya Cat 5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde mpaka mita 100, na hakuna nyumba Lamu yenye urefu huo. Kwa wale ambao kisanduku na ruta vimekuja kitu kimoja, itabidi hiyo ibaki mlangoni na utie ruta ya pili ndani, nitaieleza hapa chini.

Vichwa vya waya alivitia kijana wa mtaa wa Langoni anayetengeneza simu. Alikalia mbuzi ya kukunia nazi, ndiyo iliyokuwa karibu, akaubambua waya kiasi cha urefu wa kidole gumba. Ndani mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Akazisokotoa, akazinyoosha moja moja kati ya gumba na shahada mpaka zikalala sawa, akazipanga huku akizitaja kwa sauti ya chini: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akazikata ncha zote kwa mkato mmoja. Akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, akakiinua kwenye mwanga wa kiwanda, na hapo akanionyesha: kwa mbele, kupitia ile plastiki angavu, vilionekana vidoa vinane vya shaba. Kimoja kikiwa hakijafika, usibane. Akabana kwa koleo, ikalia kra. Upande wa pili mpango ule ule. Watu wengi wananunua waya uliokwisha tiwa vichwa kisha wanalazimika kutoboa tundu kubwa la kupitisha kichwa. Bora waya upite kwanza, vichwa vitiwe baadaye.

Na kutoboa kwenyewe, jizuie. Keekee ya kugonga kwenye ukuta wa chokaa hubandua bamba zima la lipu, halafu fundi asiyejua huziba kwa saruji. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Ukuta unashindwa kupumua pale, chumvi inajikusanya nyuma, na chokaa ya pembeni inaanza kumomonyoka. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwemo, kuna vitu havitobolewi, na zidaka ni kimojawapo. Waya wetu ulipita juu ya milango, ukafuata ubavu wa boriti, ukafungwa kwa vibanio vidogo. Ukiambiwa uutafute utahangaika.

Nyumba kati ilibaki bila kitu. Huko kuna kuta mbili zaidi na hakuna dirisha la maana, hata kiwanda hakiwezi. Wauzaji wa dukani watakuambia ununue kirudishi, kile kinachochomekwa kwenye soketi na kurudia mawimbi. Sikipendi. Vile vya bei nafuu vina redio moja inayosikiliza kisha ikarudia, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotelea humo. Na mahali pa kukichomeka ni lazima pawe pameshapata mawimbi mazuri, jambo ambalo ndilo hasa tulilolikosa. Ruta ya zamani iliyokuwa imelala kabatini ilitosha. Unaingia kwenye kurasa zake kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, anwani yenyewe mara nyingi imeandikwa chini yake. Unaizima kazi ya kugawa anwani, ile iitwayo DHCP, ili nyumba isiwe na wagawaji wawili wanaogombana. Unaibadilishia anwani yake, kama ile kubwa ni 192.168.1.1 basi hii iwe 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine chenye hiyo. Kisha waya kutoka ruta kubwa unauchomeka kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya nyumbani, si lile la WAN la intaneti inayoingia, lenye rangi tofauti. Unaipa jina na neno la siri sawasawa na la ile kubwa, na simu zitajihamia zenyewe mtu akitembea.

Chaneli, yaani vijinjia ambavyo kila masafa yamegawanywa, ni jambo la kupita haraka. Vichochoro vyetu ni vya upana wa punda na mtu, kwa hiyo waifai za majirani zinarundikana. Kwenye masafa ya 2.4 chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu. Tazama majirani wako wapi, wewe chagua ile yenye watu wachache, na upana uwe megahezi 20. Usiweke 3 wala 4 ukidhani umejitenga. Umejiweka katikati ya ugomvi wa pande zote mbili.

Neno la siri lilituchukulia muda mrefu, na si kwa ugumu wa ruta. Zipo funguo mbili. Moja ni ya waifai, nyingine ni ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, na hiyo ya pili ndiyo watu huiacha kama ilivyotoka kwa mtengenezaji, "admin" na "admin". Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka vifaa vingi sana duniani, kamera na ruta, kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri yaliyowekwa na watengenezaji. Badilisha. Kwa waifai chagua kinga iitwayo WPA3 au, kama simu ni za zamani, WPA2. Na ile WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu nane, izime: tangu 2011 inajulikana kwamba ruta huzikagua tarakimu hizo kwa mafungu mawili, hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, 11,000 yanatosha. Kompyuta haichoki kujaribu.

Nilidhani mama mkubwa atafurahi vijana wakikatiwa. Akakataa. "Mwana wa jirani ana mtihani, nimwambie nini? Na mamake alinikalia hospitali?" Kwa mtaa huu, kumfungia jirani intaneti uliyonayo kunahitaji sababu, na "ni yangu" si sababu. Lakini pia hakutaka simu za barazani ziwe mtandao mmoja na kompyuta ya mjukuu na ile televisheni. Wazee wa Lamu hili walishalitatua kwa mawe na chokaa: mgeni hupewa sabule, chumba cha wageni, akalala, akala, akaheshimika, wala ndani hafiki. Ruta nyingi zina sabule yake, mtandao wa wageni wenye jina na neno lake la siri, ambao vifaa vyake vinaipata intaneti bila kuviona vya wenyeji. Tukauwekea ukomo wa kasi, na saa ya kujizima, saa nne usiku. Vijana walilalamika siku ya kwanza kisha wakazoea. Mtoto wa mtihani ana neno la siri la ndani, kwa amri ya mwenye nyumba.

Matunzo sasa. Ruta ilipokwisha kutundikwa, mama mkubwa aliitazama, akaona ni mbaya, akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha juu ya redio. Ilimbidi akivue. Ruta hutoa joto, matundu yake ni ya kupumulia, na Lamu yenyewe haina baridi ya kuisaidia. Tukakubaliana kitambaa kilale chini ya ruta, si juu. Mjusi kafiri anaupenda sana ule uvuguvugu, akiingia kwa matundu ya nyuma akafia humo atafupisha njia ya umeme. Wavu mwembamba wa plastiki, uliotandazwa mbali kidogo usizibe hewa, unamzuia. Na upepo wa kusi hubeba chumvi: usiiweke ruta kwenye dirisha la baharini, na ukiona ukungu wa kijani kwenye vichwa vya shaba, vikate uvitie vipya.

Stima ikipotea, ruta hufa na simu inarudi kula bando. Dawa ni betri ndogo ya ruta, inauzwa madukani, unaichomeka kati ya adapta na ruta. Soma kwanza maandishi ya adapta: nyingi ni volti 12, lakini si zote, na ile alama ya chanya na hasi ya ncha lazima ilingane. Watu husahau kwamba kisanduku cha waya wa kioo nacho kinakula umeme. Ruta ikiwaka peke yake, utakuwa na waifai isiyokwenda popote. Nunua betri yenye matundu mawili, au mbili.

Wapo majirani walioacha yote haya wakaweka sahani ya Starlink, intaneti ya setilaiti, juu ya paa tangu ilipofunguliwa Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa zamani haupo, ila mnazi ukiziba mbingu inakatika. Wamepata kasi. Ruta yao nimeikuta pale sahani iliposhushia waya, nyuma ya ukuta wa nusu mita.

Ukishamaliza, pima kwa waya kwanza: kompyuta ichomekwe moja kwa moja kwenye ruta, kila kifaa kingine kizimwe. Kumbuka kampuni huuza kwa megabiti, na faili unazoshusha huhesabiwa kwa megabaiti. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25, usije ukadhani umeibiwa. Namba ya waya ikiwa nzuri na ya chumbani ikiwa mbaya, tatizo ni lako na la nyumba yako. Namba ya waya yenyewe ikiwa mbovu, hapo ndipo upige simu kwa kampuni, na neno la kwanza uwaambie umepima kwa waya. Angalau watairuka ile sehemu ya kukwambia uizime kisha uiwashe.